Bonde lililookolewa na mafuriko: kisa cha wakulima wa ukingoni mwa mji

Kisa hiki ni cha nini

Kisa kinahusu kundi la wakulima wa mboga waliokuwa wakilima bondeni, pale ambapo mji unaokua kwa kasi unakutana na mashamba. Majina ya watu, ya mji na ya mto yameondolewa, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nilikuwa mshauri wao wa kilimo kwa kipindi chote kinachosimuliwa, kwa hiyo naandika nikiwa upande wao. Msomaji alijue hilo mapema.

Watakaonufaika zaidi ni maofisa ugani, watu wa mipango miji na viongozi wa vikundi. Swali lenyewe ni hili: shamba la ukingoni mwa mji lina thamani gani, na thamani ipi kati ya hizo ndiyo inayosikika mezani ardhi inapoamuliwa?

Usuli

Bonde lina sehemu mbili. Juu kuna mteremko mpole wenye udongo mzuri, mali ya warithi wa familia moja. Chini, kando ya mto, ni hifadhi ya mto iliyo chini ya mamlaka ya mji, na ujenzi umekatazwa. Wakulima walikodi sehemu ya juu mwaka hadi mwaka kwa makubaliano ya mdomo. Sehemu ya chini hawakukodi kwa mtu, walivumiliwa tu.

Wasiwasi huo wa ardhi ungeweza kuusoma kwenye matuta bila kuuliza mtu. Karibu kila mahali palikuwa na mchicha na mboga nyingine za majani zinazovunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Mti wa matunda haukuwapo, kisima hakikuwapo. Hata samadi iliwekwa kwa ubahili, kiasi cha kutosha zao lililopo shambani na si zaidi. Nimewahi kusikia maofisa wakisema wakulima wa aina hii hawajali udongo. Hesabu yao ni nyepesi kuliko hiyo: anayeweza kuambiwa aondoke baada ya mavuno haziki mtaji wake katika ardhi ya mwingine.

Nguvu yao ilikuwa ukaribu. Wachuuzi walifika alfajiri na kununua kwa tuta, si kwa kilo. Mchuuzi anapita kati ya matuta, anainama, anageuza jani moja kuangalia mgongoni kama kuna wadudu, anataja bei, wakikubaliana anakata mwenyewe. Mboga za majani ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huharakisha kuharibika kwake mara mbili hadi tatu. Mkulima wa mbali anahitaji gari la baridi ili kushindana na joto hilo. Wa karibu anahitaji kuamka mapema. Mwanauchumi Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alilieleza jambo hili mwaka 1826 alipochora miduara ya kilimo kuzunguka mji, maziwa na mboga zikiwa kwenye mduara wa kwanza. Majokofu na lami vimeipangua miduara yake mingi, lakini kwa mboga za majani ule wa kwanza bado una nguvu, hasa mahali ambapo mnyororo wa baridi ni dhaifu.

Udhaifu wao mkubwa ulikuwa maji. Mto ulipita kwanza katikati ya makazi yasiyo na mfumo wa majitaka, ndipo ukafika shambani. Wakulima walichota kwa keni na kumwagilia juu ya majani.

Mfuatano wa matukio

Jambo la kwanza kutokea lilikuwa la wateja. Jiko moja kubwa lililokuwa likinunua mboga za saladi lilisitisha ununuzi baada ya malalamiko ya matumbo. Hakuna aliyethibitisha kuwa chanzo ni mboga za bondeni, lakini wakulima walijua maji yao. Walikubali yapimwe. Bakteria wa kinyesi walivuka kwa mbali kikomo cha 1,000 kwa kila mililita 100, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 1989 kwa maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi.

Kabla suala hilo halijatulia, wapima ardhi walitokea sehemu ya juu na kamba na vigingi. Warithi walikuwa wamekwisha kuuza kwa mjenzi wa nyumba. Mkulima mmoja mama mtu mzima alimkuta kijana anapigilia kigingi ndani ya kitalu chake cha miche.

“Mama, sisi tumetumwa tu,” kijana alisema.

“Najua, mwanangu. Lakini kisogeze hatua moja. Mche huo haujakukosea kitu.”

Kijana alikisogeza. Mstari kwenye ramani ulibaki palepale, na wakulima wa juu wakapewa muda wa kumaliza mavuno yaliyokuwa shambani.

Kundi likagawanyika. Waliolima juu walitaka fidia waondoke. Waliolima chini walihofu kwamba nyumba zikishafika mpakani mwao, hatua inayofuata ni wao. Hatimaye waliandika barua moja kwa mamlaka ya mji. Ilieleza kiasi cha mboga kinachotoka bondeni, idadi ya watu wanaoishi kwa kazi hiyo na wachuuzi wanaoitegemea. Ilikuwa barua nzuri. Jibu lilikuwa la heshima na la kukataa: ardhi ya juu ni mali binafsi, na ya chini itaangaliwa wakati wa kupitia upya mpango wa eneo. Kwa lugha ya ofisi, hiyo ina maana kuna mtu mwingine anayeitaka.

Kisha zikaja mvua kubwa. Mto ulipasuka kingo na kufunika matuta ya chini yote. Mhandisi wa mifereji wa mji alikuwa akizunguka kukagua madaraja. Alisimama juu ya mteremko, akaona maji yametanda juu ya mashamba, yamesimama, yanashuka taratibu siku iliyofuata badala ya kukimbilia mitaa ya chini ya mto. Aliuliza maswali mawili: eneo hili ni la nani, na kwa nini halimo kwenye ramani yake?

Kutokana na maswali hayo barua ya pili iliandikwa, na hiyo ndiyo iliyojibiwa kwa kikao. Baada ya mazungumzo marefu sehemu ya chini ilitambuliwa kuwa eneo la kupokea mafuriko linalolimwa, na kundi likapewa mkataba wa maandishi wa miaka mitano. Sehemu ya juu ilijengwa. Mjenzi aliwekewa sharti la kuacha ukanda wa nyasi na bwawa dogo la kupunguza kasi ya maji kabla hayajaingia bondeni.

Maamuzi na sababu zake

*Maji.* Palikuwa na njia tatu mezani: kuacha kulima, kutafuta maji mengine, au kuyatumia yaliyopo kwa kuweka vizuizi kadhaa mfululizo. Njia ya pili ilikufa mapema kwa sababu maji ya bomba yangekula faida yote. Kundi likachukua ya tatu, na hapa mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 ulisaidia sana. Tofauti na ule wa 1989, huu haudai maji yafike shambani yakiwa safi kabisa. Unahesabu kila hatua inayopunguza vimelea kuanzia mtoni hadi sahanini: kutuamisha maji kwenye madimbwi, kumwagilia shinani badala ya majanini, kusitisha umwagiliaji kabla ya kuvuna, kuosha, kupika. Kupika peke yake kunafanya kazi kubwa kuliko hatua nyingine yoyote, ndiyo maana saladi na mboga ya kupikwa si tatizo moja.

Kwa hiyo saladi iliondolewa bondeni kabisa. Wengine walinung'unika, kwa sababu ndilo zao lililolipa vizuri kuliko yote. Mboga za kupikwa zilibaki. Yalichimbwa madimbwi matatu yanayopokezana, mchotaji akiambiwa asitibue matope ya chini. Kipengele cha kusitisha maji kabla ya mavuno kilileta ubishi mkali zaidi. Kwenye karatasi kila siku bila maji inaua sehemu ya vimelea kwa jua na ukavu. Shambani jani lisilomwagiliwa siku ya joto hulegea, na mchuuzi hanunui jani lililolegea. Walikubaliana siku mbili wakati wa baridi na moja wakati wa joto. Ni kipimo cha soko kuliko cha maabara, lakini kilifuatwa.

Jambo ambalo hakuna mwongozo ungelitatua bila kwenda kutazama lilikuwa hili: wachuuzi, wakishakata, walizichovya mboga mtoni ili zing'ae. Kazi yote ya madimbwi na siku za kusubiri iliishia hapo. Kundi liliweka tangi la maji safi na beseni kwenye njia ya kutokea. Nikilazimika kutaja matumizi ya fedha yaliyoleta faida kubwa zaidi katika kisa chote, nitataja tangi hilo.

*Kuwaambia wanunuzi au kunyamaza.* Wengi walitaka kunyamaza. Mwenyekiti alisisitiza wachuuzi waelezwe, kwa hoja kwamba wao ndio watakaotakiwa kubadilika pale kwenye beseni, na huwezi kumwomba mtu abadilike kwa sababu usiyomtajia. Mauzo yalishuka kwa muda, kisha yakarudi. Lile jiko kubwa lilirudi pia, kwa mboga za kupikwa tu.

*Mboji.* Mji ulikuwa ukihangaika na taka za sokoni, kundi likajitolea kuzipokea. Walitoa sharti moja: zitenganishwe sokoni, zisiletwe na plastiki. Sharti lilivunjwa mara kwa mara hadi kundi lilipokataa gari zima mbele ya dereva. Baada ya hapo taka zilianza kuja zikiwa zimechambuliwa. Malundo yalichanganywa majani makavu na mabichi, yakapinduliwa, na moto wake ukapimwa kwa nondo iliyochomekwa katikati. Ukiichomoa na ukashindwa kuishika, lundo linafanya kazi. Kipimajoto kilikuja baadaye kwa sababu za kumbukumbu, kwani viini vya magonjwa vinahitaji nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa ili vife, na mkono haujui tofauti ya 50 na 55.

*Ardhi ndogo kwa muda mrefu.* Mamlaka ilitoa chaguo: sehemu yote ya chini kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja, au karibu nusu yake kwa miaka mitano. Kundi lilichagua nusu. Kibali cha mwaka kingewarudisha kwenye kilimo kilekile cha kukata na kuondoka. Miaka mitano inatosha kulipa madimbwi, mabomba na mboji.

Matokeo

Waliolima juu wote waliondoka, na hao walikuwa takriban theluthi ya kundi. Walikuwa vijana zaidi, waliojiunga karibuni, na wengi wao hawakupata shamba lingine karibu na mji. Fidia ilihesabiwa kwa mazao yaliyokuwa ardhini tu, kwa kuwa hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kitu kingine.

Waliobaki wana ardhi ndogo na kipato kisichopungua kile cha zamani, kwa sababu udongo umeimarika na wameongeza mazao yanayochumwa kwa miezi, kama biringanya na pilipili. Vipimo vya vimelea kwenye mboga zinazotoka vimeshuka sana kuliko mwanzo, ingawa maji ya mto yenyewe hayajabadilika.

Mafuriko yamekuja tena na kufagia mazao mara mbili tangu mkataba usainiwe. Nitarudi kwenye hilo.

Uchambuzi

Barua ya kwanza haikusema uongo, wala haikukosa takwimu. Ilikosea mizani. Iliweka kilo za mboga upande mmoja, na upande wa pili ikaacha wapinzani waweke nyumba. Kwa eneo lilelile nyumba italipa kodi zaidi, itamtajirisha mwenye ardhi zaidi, na itaonekana kama maendeleo kwa mtu anayepita barabarani. Shamba la ukingoni likishindanishwa kwa fedha ya mwaka huu halina nafasi popote duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba upanuzi wa miji utameza asilimia 1.8 hadi 2.4 ya ardhi ya kilimo ya dunia ifikapo 2030, sehemu kubwa ikiwa Asia na Afrika, na kwamba ardhi inayomezwa inazaa karibu mara 1.8 ya wastani wa dunia. Miji ilianzishwa kwenye udongo mzuri na maji, kwa hiyo inapotanuka inakula kilicho bora kwanza. Ukweli huo unatisha, lakini katika kikao cha mji haujamzuia mjenzi hata mmoja niliyewahi kumwona, kwa sababu hasara yake inagawanywa kwa dunia nzima na faida ya kiwanja ina mwenyewe.

Barua ya pili ilifaulu kwa sababu ilizungumzia gharama ya mafuriko, ambayo mji wenyewe ungeilipa. Makadirio ya wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, yanayotumiwa sana na wahandisi, yanasema ardhi yenye uoto wa asili huachia takriban asilimia 10 ya mvua itiririke juu, na ikishafunikwa kwa saruji na mabati kwa robo tatu au zaidi, asilimia 55. Shamba lililolimwa halifikii uoto wa asili, lakini liko karibu nao kuliko paa. Mhandisi hakuhitaji kushawishiwa. Aliona kwa macho. Alichokosa ni mtu wa kumpa eneo jina na mpaka ili aweze kuliweka kwenye ramani, na kundi lilimpa vyote viwili. Laiti mvua zingechelewa mwaka mmoja, nadhani sehemu ya chini nayo ingekuwa na vigingi. Bahati ilikuwa na mkono mkubwa hapa, na anayetaka kuiga kisa hiki asingoje mafuriko: amtafute mhandisi wa mifereji kabla ya mvua.

Njia hii ina mfano mkubwa unaojulikana. Mashariki ya Kolkata, India, kuna ardhi oevu ya hekta zipatazo 12,500 ambako majitaka ya jiji hulisha mabwawa ya samaki na mashamba ya mboga, na yakitoka huko yamesafika. Mhandisi Dhrubajyoti Ghosh ndiye aliyeonyesha kwamba wavuvi na wakulima wale walikuwa wakilifanyia jiji kazi ya mtambo wa kusafisha majitaka bila jiji kuulipia. Mwaka 1992 mahakama ilizuia eneo hilo kugeuzwa viwanja, na mwaka 2002 likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Shinikizo la wajenzi halijakoma, lakini hoja iliyosimama mahakamani ilihusu ardhi hiyo kama huduma kwa jiji zaidi ya samaki na mboga kama bidhaa.

Hata hivyo hoja iliyookoa bonde imewafunga waliookolewa. Kwa kuwa eneo limetambuliwa kama mahali pa kupokea mafuriko, mkataba unakataza jengo lolote la kudumu. Hakuna ghala, hakuna banda la kufungashia, na tangi la kuoshea liko juu ya magurudumu. Mji unapata huduma yake siku ambayo mkulima anapoteza zao lake. Yaani shamba linafanya kazi iliyolipatia mkataba hasa pale linaposhindwa kufanya kazi inayomlisha mwenye jembe. Jambo hili halikuonekana wakati wa mazungumzo. Kila mtu mezani, nami nikiwemo, alikuwa akifikiria kupata karatasi.

Upande wa maji naona mafanikio ya kweli, ila nina shaka na uimara wake. Vizuizi vinategemea nidhamu ya watu wengi: mchotaji asitibue, mkulima asimwagilie siku moja kabla ya mavuno, mchuuzi asiteremke mtoni. Siku mwenyekiti wa sasa atakapoondoka, beseni litakuwa la kwanza kupuuzwa. Suluhisho la kudumu liko juu ya mto, kwenye makazi yasiyo na vyoo vya maana, na hilo si la wakulima. Haifai kundi la wapanda mchicha libebeshwe mzigo wa majitaka ya mji mzima, kisha lisifiwe kwa ubunifu.

Kuhusu walioondoka sina neno la kulainisha. Nusu kwa miaka mitano ulikuwa uamuzi sahihi kwa waliobaki, na uliwezekana kwa sababu walioondoka hawakuwa tena na kura yenye uzito. Kundi lingeweza kuwagawia matuta kwa zamu, na pendekezo hilo lilitolewa. Lilikufa kimyakimya, kama yanavyokufa mapendekezo ya kugawana kilicho kidogo.

Yaliyobaki wazi

Mazungumzo yanayoendelea sasa ni ya fidia ya msimu wa mafuriko. Mamlaka imekubali kimsingi kwamba zao likifunikwa na maji ndani ya eneo lililotambuliwa, mkulima alipwe. Mvutano uko kwenye hesabu. Mamlaka inataka kulipa mbegu na kazi. Kundi linataka thamani ya mavuno yaliyopotea. Kwa mchicha wa wiki nne tofauti ya hesabu hizo ni ndogo. Kwa biringanya iliyokuwa ichumwe miezi mitatu mfululizo ni kubwa mno, na ndiyo maana matuta yaliyo karibu kabisa na mto yamerudishwa kwenye mchicha hata kabla kikao cha mwisho hakijaitwa.